Jiwe la Kijani Si Mgodi
Maongezi ya redio juu ya shaba ya Kundelungu na amani ya vijiji vyetu. Yameandikwa kwa ajili ya familia zilizohama na wakubwa wa vijiji.

 Wewe unayeshika karatasi hii mkononi, uwe kambini au katika nyumba ya ndugu aliyekupokea, msomee pia jirani asiyejua kusoma.

Leo tunazungumza juu ya mawe. Msishangae kwamba kipindi cha amani kinazungumza juu ya mawe. Katika teritwari za Pweto na Mitwaba liko neno moja ambalo hutembea haraka kuliko kamyo: "Kule mlimani kuna mukuba." Mukuba ni shaba. Neno hilo laweza kumfanya kijana auze mbuzi wake anunue nyundo na shoka. Laweza kumfanya shefu atie sahihi kwenye karatasi ambayo hakuisoma. Tena laweza kumfanya mtu anayelima shamba la jirani aliyekimbia vita akatae kuliachia siku jirani anaporudi. Kwa hiyo asiyejua habari za mawe anaweza kugombana na ndugu yake kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Swali letu ni hili: mlima wenye mawe ya kijani, je, ni mgodi? Jibu ni hapana. Waweza kuwa mwanzo wa mgodi, lakini mara nyingi sana si mgodi na hautakuwa. Tuone kwa nini.

MILIMA YETU ILIVYOJENGWA

Mtu aliyefika kwenye milima ya Kundelungu, pale maji ya Lofoi yanapoanguka zaidi ya mita 300, ameona ukuta wa mawe wenye mistari iliyolala. Mistari hiyo ni tabaka. Kila tabaka lilikuwa mchanga au matope yaliyoletwa na maji, yakatulia, yakafunikwa na mengine, yakagandamizwa mpaka yakawa jiwe. Ni kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine: ule wa chini ndio uliotangulia. Kazi hiyo ilifanyika zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Sasa sikilizeni tofauti, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Kule kusini, kuanzia upande wa Lubumbashi, Likasi mpaka Kolwezi, tabaka hizo zilisukumwa kwa nguvu kutoka kusini. Zikakunjwa, zikavunjika, zikasimama wima, nyingine zikageuka juu chini. Shaba ya huko inakaa ndani ya tabaka zenyewe, na inafuata tabaka hizo kwa mwendo mrefu. Ndiyo maana huko migodi imefuatana kama vijiji kando ya barabara.

Huku kwetu, upande wa Kundelungu na Ziwa Moero, msukumo ulifika umechoka. Mikeka imebaki karibu imelala. Shaba ikipatikana, mara nyingi inakaa katika nyufa. Maji ya moto yenye chumvi yalipita chini ya ardhi, yakayeyusha shaba kidogo kidogo kutoka kwenye mawe, yakapanda kwenye nyufa, yakaiacha humo. Mamama waliochemsha maji ya chumvi wanajua: maji hubeba chumvi bila kuonekana, halafu huiacha kwenye ukuta wa chungu. Shaba ya huku iliachwa namna hiyo.

Lakini ufa si tabaka. Ufa ni mwembamba, una mwanzo na una mwisho. Hatua mia moja kutoka ufa wenye shaba unaweza kukuta jiwe lisilo na kitu chochote. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Mlima wa jirani una mukuba, basi na huu wetu unao," mwulize amejuaje. Kolwezi swali hilo lina maana. Huku kwetu jibu lake mara nyingi ni upepo.

HABARI YA DIKULUSHI

Mfano wetu wa karibu ni Dikulushi, teritwari ya Pweto, kaskazini mwa Kilwa. Hapo nyufa za mawe zilikutana, na katika nyufa hizo ilikaa shaba nzito ya rangi ya kijivu inayokaribia nyeusi, ambayo wataalamu huiita kalkositi. Ndani yake ilikuwamo pia madini ya fedha, yale yanayotengenezwa pete na bangili. Mawe ya Dikulushi yalikuwa tajiri: shaba ilikaribia asilimia 8. Maana yake, katika tani 10 za mawe mlikuwa karibu kilo 800 za shaba. Migodi mingi duniani inachimba mawe ambayo tani 10 zake hazitoi hata kilo 100.

Kazi ilianza mwaka 2002, kwanza kwa shimo kubwa la wazi, baadaye chini ya ardhi. Shaba ilipakiwa kwenye kamyo mpaka Kilwa, ikavushwa Ziwa Moero kwa vyombo vya maji mpaka Nchelenge, upande wa Zambia.

Lakini tazameni. Pamoja na utajiri huo wa jiwe, kazi ilisimama mwishoni mwa mwaka 2008. Jiwe lilikuwa lilelile. Kilichobadilika ni bei. Katikati ya mwaka 2008 tani moja ya shaba ilipita dola 8,000 kwenye soko la London. Mwaka ulipokwisha ilikuwa imeanguka mpaka karibu dola 3,000. Mwaka 2010 kampuni nyingine iliuchukua mgodi. Mwaka 2015 kazi ikasimama tena. Mtu aliyeweka jembe chini kwa sababu ya mshahara wa mgodi, siku ile alishika nini mkononi? Na yule mke wake aliyeendelea kupanda muhogo, ndiye aliyelisha nyumba.

Kuna jambo la pili kuhusu Dikulushi, nalo ni zito. Mwezi wa Oktoba 2004 watu wachache wenye silaha waliingia Kilwa, bandari ile ambayo shaba ilipitia. Jeshi lilipoirudisha Kilwa mkononi mwake, raia waliuawa. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu zaidi ya watu 70 waliokufa. Mwaka 2017 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake: Serikali ilibeba dhamana, na wahanga walipwe fidia. Tunakumbusha jambo hili kwa heshima ya wafu. Hatulikumbushi ili kuchokoza kidonda. Mahali penye mali huvuta macho ya wenye bunduki, na mwananchi ndiye anayekuwa katikati. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo.

ISHARA TATU NA MAANA YAKE

Sasa turudi mlimani. Ziko ishara tatu ambazo watu huzitaja.

Ishara ya kwanza ni jiwe la kijani. Mmewahi kuona waya wa shaba ulioachwa nje kwenye mvua? Unavaa kijani. Shaba iliyo ndani ya jiwe hufanya vivyo hivyo ikipatwa na hewa na maji. Jiwe lile la kijani linaitwa malakiti, na lile la bluu lililo ndugu yake linaitwa azuriti. Malakiti safi ina shaba zaidi ya nusu ya uzito wake. Lakini lililo safi ni kipande. Mara nyingi kijani unachokiona ni ngozi tu, nyembamba kama rangi iliyopakwa ukutani. Vunja jiwe hilo katikati. Ikiwa ndani ni jekundu au jeupe kama mawe mengine, ujue rangi imepaka mlango na nyumba ni tupu. Tena maji ya mvua huweza kuyeyusha shaba juu ya mlima na kuiacha bondeni juu ya jiwe ambalo halikuwa na shaba tangu mwanzo.

Ishara ya pili ni mlima usio na miti. Wazee wetu waliijua. Shaba nyingi katika udongo ni sumu kwa miti, kwa hiyo katikati ya msitu unaona kilima chenye majani tu na maua madogo yanayovumilia sumu hiyo. Wataalamu wa kwanza walifuata vilima hivyo. Lakini kilima huweza kukosa miti kwa sababu ya moto wa kila mwaka, au kwa sababu udongo ni mwembamba juu ya mwamba, au kwa sababu watu walikata makaa.

Ishara ya tatu ni ua lenyewe, lile dogo linaloitwa ua la shaba. Hapa kuna jambo la ajabu. Ua hilo humea pia mahali ambapo mababu walikuwa na matanuri ya kuyeyushia shaba. Mabaki meusi ya tanuri yaliweka shaba katika udongo, na ua likalifuata tanuri. Wachunguzi wa mambo ya kale wamepata matanuri mengi kwa kulifuata ua hilo. Kwa hiyo ua laweza kukuonyesha kazi ya babu yako, wala lisikuonyeshe mgodi.

Na tuseme wazi: mababu hawakungoja mtu wa mbali awafundishe. Miaka mia nyingi kabla ya wageni, watu wa Katanga walikusanya malakiti wakati wa kiangazi, wakaiyeyusha kwa makaa na mifuo, wakamimina misalaba ya shaba iliyotumika katika mahari na biashara. Misalaba hiyo imekutwa katika makaburi ya kale kando ya Lualaba, huko Sanga. Mtaalamu wa mawe Jules Cornet alipopita mwaka 1892, alikuta milima ambayo wenyeji walikuwa wameichimba zamani.  

KUTOKA ISHARA MPAKA MGODI

Mtaalamu akifika kwenu, anafanya nini? Kwanza hutembea na kuchora ramani ya mawe. Halafu huokota udongo kidogo kidogo kwa mistari, kila baada ya mita kadhaa, na kuupeleka maabara. Penye shaba nyingi huchimba mtaro. Mtaro ukionyesha kitu, huja mashine ya kutoboa, ambayo hushuka mita mia moja au zaidi na kutoa jiwe refu la mviringo kama mpini wa jembe. Jiwe hilo hukatwa na kupimwa: asilimia ngapi, unene gani, linashuka mpaka wapi.

Katika kila hatua milima mingi huachwa. Jiwe laweza kuwa na shaba kidogo mno. Shaba yaweza kuwa nzuri lakini fungu likawa dogo. Fungu laweza kuwa kubwa lakini hakuna barabara, hakuna daraja, hakuna umeme, na gharama ya kulitoa mlimani ikapita bei yake. Ndiyo maana milima yetu ya mbali ina mitaro ya zamani ambayo sasa imeota nyasi. Watu huiona na kusema, "Wazungu walificha mali hapa, watarudi." Mara nyingi hawakuficha kitu. Walipima, hesabu ikakataa, wakaondoka.

Kuchunguza huweza kuchukua miaka mingi. Katika miaka hiyo yote mlima hautoi mshahara kwa kijiji, isipokuwa kazi chache za kubeba na kukata njia. Mtu akija na kusema, "Toeni pesa leo, mwezi ujao mgodi unafunguliwa," huyo anawaibia.

SHERIA INASEMA NINI

Wakubwa wa vijiji, sehemu hii ni yenu hasa. Mali iliyo chini ya ardhi ni ya Serikali. Sheria ya Madini ni ya tarehe 11 Julai 2002, na ilirekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Shefu hawezi kuuza mlima, wala mtu binafsi hawezi kuununua kwa shefu. Ruhusa hutolewa na Serikali na huandikwa katika Kadasta ya Madini. Mtu akisema ana ruhusa, aionyeshe, namba ya ruhusa iandikwe, ikaulizwe kwenye ofisi hiyo.

Ruhusa ya kutafuta si ruhusa ya kuwafukuza watu. Akiharibu shamba lako, alipe. Na mwenye shamba akinyimwa matumizi ya ardhi yake, sheria inataka thamani ya ardhi hiyo iongezwe nusu yake. Mchimbaji wa mikono naye anatakiwa kuwa na karata, na kufanya kazi mahali palipotengwa kwa ajili hiyo.

Mgodi ukifunguliwa kweli na kuanza kuuza, unalipa haki ya madini kwa Serikali. Sheria ya 2018 imeigawa hivi: asilimia 50 kwa Serikali kuu, 25 kwa provensi, 15 kwa sekta, sheferi au komini ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zaidi ya hayo, kampuni inapaswa kutoa kila mwaka angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na kukubaliana nao kwa maandishi juu ya kazi zitakazofanywa. Lakini shikeni hili: haki hizo zinatoka katika shaba iliyouzwa. Mlima unaotafutwa tu hautoi hata franka moja ya mgawo huo. Basi, vijiji viwili vikipigana leo juu ya mgawo wa mlima ambao haujauza kitu, vinamwaga damu kwa ajili ya sahani tupu.

SHAMBA LA ALIYEKIMBIA

Ndugu zangu mliohama. Watu wa Mitwaba, Manono na Pweto walikimbia kabla ya mwaka 2006, wakakimbia tena kuanzia mwaka 2011, na eneo lao likaitwa pembetatu ya kifo. Wengi waliporudi walimkuta mwingine shambani. Mara nyingine huyo naye alikuwa mkimbizi kutoka kijiji kingine. Alilima kwa sababu watoto wake walikuwa na njaa. Hakuwa mwizi. Uvumi wa mukuba ndio unaofanya jambo hili dogo liwe vita. Jana lilikuwa shamba la mahindi, leo kila mtu anaona chini yake nyumba ya mabati.

Tunatoa mashauri manne.

La kwanza: anayelima shamba la aliyekimbia ni mlinzi wake. Avune alichopanda, kisha arudishe. Mwenye shamba naye amngojee avune, wala asimfukuze mazao yakiwa mabichi.

La pili: andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Shefu akae na wazee, wamama na vijana, waandike shamba la nani linaanzia kwenye mwembe gani, kichuguu gani, kijito gani. Wale walio kambini watumiwe habari, majina yao yaandikwe pamoja na ya waliobaki. Karatasi mbili zifanywe, moja ikae kwa shefu, nyingine kwa watu.

La tatu: asitie sahihi mtu mmoja peke yake. Mgeni wa mawe akifika, apokelewe mbele ya baraza, mchana. Aulizwe: Ruhusa yako iko wapi? Utachimba wapi na kwa siku ngapi? Mtaro wako utaufukia lini? Majibu yaandikwe. Mtaro usiofukiwa huua mtoto na ng'ombe, na shimo la zamani huporomoka bila kuonya.

La nne: msiache jembe. Kama mgodi utakuja, wafanyakazi wake watakula, nanyi mtawauzia. Kama hautakuja, mtakula wenyewe. Muhogo haungoji bei ya London.

Wasikilizaji wapendwa, jiwe lile la mlimani limekaa miaka milioni nyingi bila kumdhuru mtu. Halina haraka. Likiwa na shaba ya kutosha, litapimwa, na sheria ikisimamiwa, kila mtu atapata haki yake. Likiwa halina, halitakuwa nayo kwa sababu tumepigana. Lakini jirani uliyemfukuza kwa ajili yake, na mtoto aliyekufa kwa ajili yake, hakuna mashine ya kutoboa itakayowarudisha.

Kwa hiyo wiki hii fanyeni jambo moja. Mkubwa wa kijiji aite baraza, karatasi hii isomwe, halafu lianzwe daftari la mashamba, na majina ya kwanza yawe ya wale ambao bado hawajarudi.